Upande Wenye Jina

Jumamosi, 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa mzima na kazi zako za ukumbini zinakwenda vizuri. Mwalimu wetu wa lugha anasema mtu humjulia hali mwenzake kwanza hata kama ana hasira naye, kwa hiyo nimekujulia hali. Sasa naja kwenye hasira.

Mama mdogo alikueleza kwenye simu kwamba mama ana uvimbe kooni. Ulimjibu, "Atapona, mwambie anywe maji ya moto." Uvimbe huu si wa maji ya moto. Daktari wa koo amesema mama atafanyiwa upasuaji Jumatatu ya tarehe tano Aprili. Alisema mbele yangu kwamba uvimbe umekaa palepale sauti inapotokea. Mama atapona na ataongea, lakini sauti atakayokuwa nayo huenda isiwe hii. Mama akauliza, "Nitaimba?" Daktari akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Nataka kumrekodi kabla ya siku hiyo. Nimetafuta nyumba nzima mahali ilipo sauti yake na sikuipata. Miaka yote mama alipoimba na bendi, wewe ndiye uliyekaa nyuma ya mitambo. Nilimuuliza, "Baba hakuwahi kukurekodi hata mara moja?" Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Bwana Kesho? Alikuwa anasubiri maikrofoni nzuri."

Karibu na shule kuna duka la vyombo vya muziki. Wana maikrofoni mbili za kondensa ambazo si ghali. Moja ina waya unaochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Nyingine ni nzito, waya wake ni mnene na una pini tatu. Mwenye duka anasema hiyo ya pili ndiyo nzuri, na nilipomuuliza kwa nini akasema, "Wewe chukua tu, utanikumbuka kwa dua." Wenzake mama wa kiwandani, wale wanaoshona naye sare, wamechanga, kwa hiyo sikuombi pesa. Nakuomba neno moja tu, kwa sababu wewe unajua na mimi sijui: ya kwanza au ya pili.

Usinipigie simu. Ukipiga simu unanichekesha, na nikicheka nasahau nilichotaka kusema.

Binti yako


Alhamisi, 11 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika kwa kubeba spika. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Habari za mama yako zimenishtua. Sikujua kama ni jambo zito hivyo. Mwambie namwombea.

Sasa swali lako. Neno moja halitoshi, mwanangu, kwa sababu huyo mwenye duka anakudanganya. Kondensa si kama maikrofoni za jukwaani. Ya jukwaani humsikia yule anayeitafuna tu. Kondensa husikia mpaka jirani anayekoroga chai. Ile ya pini tatu haifanyi kazi bila kisanduku cha kuipa umeme. Usipokuwa nacho, umenunua kijiko kizito. Na ile ya kuchomeka kwenye kompyuta ni kitu cha kuchezea. Ndani yake wamebana kila kitu, na kwa chini utasikia mlio kama wa mvua ya mbali. Sauti ya mama yako haistahili mvua ya mbali.

Kwa hiyo jibu langu: usichukue hata moja. Hapa ukumbini kuna kondensa ya zamani, safi kabisa, ambayo bosi anataka kuiuza. Nitaichukua pamoja na kisanduku chake. Mwenzangu mmoja anasafiri kuja huko katikati ya mwezi, ataileta mpaka mlangoni. Subiri kidogo tu.

Wakati unasubiri, tafuta chumba chenye vitu vingi laini. Chumba kitupu kinarudisha sauti kama bafu.

Baba yako


Jumamosi, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi tunaendelea. Mama ameanza kuongea taratibu, na akimaliza sentensi hushika shingo yake kana kwamba kuna kitu amekidondosha.

Katikati ya mwezi imepita. Hakuna aliyefika mlangoni ila mtu wa kusoma mita ya maji.

Nilimsomea mama barua yako kwa sababu nilidhani atafurahi kwamba unaiona sauti yake kuwa ya thamani. Alisikiliza huku akifunga vifungo vya sare. Akasema, "Unaona? Ananisifu ili asifanye kitu." Mama mdogo akasema, "Shemeji yangu ukimwomba maji, atakwambia subiri achimbe kisima." Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Nilikuuliza kati ya vitu viwili vilivyopo. Wewe ukachagua cha tatu ambacho hakipo. Maswali ya mtihani hayajibiwi hivyo, baba. Ukiandika jibu ambalo halimo kati ya yaliyotolewa, hupati alama hata kama jibu lako ni zuri kuliko yote.

Mwenye duka amesema hawezi kuendelea kuniwekea. Nijibu wiki hii.

Binti yako


Ijumaa, 26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hasira yako imefika salama, nami nimeipokea.

Yule mwenzangu ameahirisha safari. Si kosa langu, wala si kosa lake. Kibali chake kimechelewa. Sasa anasema labda mwezi ujao. Najua mwezi ujao ni kuchelewa.

Basi chukua ile ya kwanza, ya kuchomeka kwenye kompyuta. Nimeumia kuandika hivyo, lakini nimeandika. Na kwa kuwa ni dhaifu, lazima uisaidie. Soma hapa vizuri.

Rekodini kwenye chumba cha kulala, si sebuleni. Tundika blanketi nyuma ya mwimbaji na jingine pembeni. Zima friji, maana mngurumo wake hamuusikii lakini maikrofoni itausikia. Usiweke maikrofoni juu ya meza moja na kompyuta. Feni ya kompyuta itaingia. Chukua soksi ndefu ya kike, ivute juu ya waya uliopindwa duara, uiweke mbele ya mdomo, ili herufi kama p na b zisipige kama mlango. Mama yako akae umbali wa shubiri moja. Asisogee mbele na nyuma kama alivyokuwa akifanya jukwaani. Kwenye kompyuta, ule mstari wa kijani unaocheza ucheze mpaka katikati, usigonge juu kwenye nyekundu. Mkirekodi wimbo, rudieni mara mbili.

Nimekuandikia yote ninayoyajua.

Baba yako


Jumamosi, 3 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo sina hasira, kwa hiyo soma haraka kabla haijarudi.

Tumemaliza. Mwalimu wa kompyuta aliniazima kompyuta ya shule hadi Jumatatu, na ndiyo ninayoandikia. Tulifanya kila ulichosema. Tulitundika blanketi. Mama mdogo alitoa soksi yake mpya na akalalamika muda wote kwamba sanaa inamgharimu. Friji tuliizima, na maziwa yamechacha, na hakuna aliyejali.

Maikrofoni ni nzuri kuitazama, baba. Ina wavu wa rangi ya fedha pande zote na jina la kampuni kwa mbele. Mimi nilikaa upande mmoja na kompyuta magotini, mama akakaa upande wa pili, kitandani, umbali wa shubiri. Nilipima kwa mkono wangu.

Mama aliimba nyimbo tatu. Ya kwanza ni ile ya kufungulia harusi. Ya pili ni ile aliyonibembeleza nayo nikiwa mdogo. Ya tatu sikuwahi kuisikia, na nilipomuuliza akasema ni yake mwenyewe, aliitunga kabla hajakujua wewe. Sauti ilikatika mara moja tu, akaanza upya. Mstari wa kijani ulicheza mpaka katikati kama ulivyosema. Nilikuwa naufuata kwa macho na nilikuwa na furaha mpaka nikawa naimba naye chini kwa chini. Mama hakuweza kurudia mara ya pili. Koo lilikataa.

Amesema tusisikilize mpaka atoke hospitali, tuketi pamoja tusikilize. Nimemwahidi. Lakini wewe hukuahidi kitu, kwa hiyo nakutumia mafaili. Sikiliza usiku huu. Kesho jioni anaingia hospitali.

Nakushukuru, hata kwa ile mvua ya mbali.

Binti yako


Jumamosi, 17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Upasuaji ulikwenda vizuri na mama yuko nyumbani. Haruhusiwi kuongea kwa sasa. Anaandika kwenye ubao mdogo wa chaki. Hivyo ndivyo tulivyo. Wewe hujambo, nadhani, ingawa wiki mbili zimepita bila neno kutoka kwako.

Mwalimu ameniazima tena kompyuta ya shule, na jana tuliketi kusikiliza. Mama alijifunga kitenge kipya kwa ajili hiyo. Mama mdogo alikaa karibu na mlango ili akilia aweze kutoka.

Nikabonyeza. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa pumzi. Mtu anavuta makamasi, karibu kabisa, kama amekaa sikioni mwako. Kisha mtu anaanza kuimba puani, anakosea maneno, anakwenda chini mahali pa kwenda juu. Huyo ni mimi, baba. Niko wazi kabisa. Unaweza hata kusikia kidole changu kikigusa kompyuta. Na mama yuko nyuma yangu, mbali, kama mtu anayeimba ndani ya nyumba ya pili madirisha yakiwa yamefungwa. Nyimbo zote tatu. Ile yake mwenyewe husikii maneno, unasikia tu kwamba kuna mtu anaimba.

Nilidhani kompyuta imeharibika. Nikaichukua maikrofoni, nikaiwasha, nikaongea huku nikiizungusha polepole. Upande wenye jina unasikia. Upande wa nyuma hausikii. Mimi niliugeuza upande wenye jina kwangu, kwa sababu redio huelekeza jina kwa anayeiendesha, na televisheni pia, na jiko pia, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Mstari wa kijani uliokuwa ukicheza ulikuwa unacheza kwa ajili yangu.

Nimeisoma barua yako ya tarehe ishirini na sita tena na tena. Friji ipo. Soksi ipo. Feni ipo. Herufi p na b zipo. Hakuna mahali uliposema, "Mwanangu, kitu hiki kina mbele na nyuma." Ulisema umeandika yote unayoyajua. Hili hukulijua?

Na zaidi ya hilo. Nilikutumia mafaili Jumamosi. Ulikuwa na usiku mzima na mchana wa Jumapili. Uliyasikiliza au hukuyasikiliza? Nataka jibu moja kati ya haya mawili.

Binti yako


Jumatano, 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu mama yako ametoka salama. Niliposoma sehemu hiyo nilikaa chini.

Niliyasikiliza. Usiku uleule, nikiwa nimevaa spika za masikioni za kazini. Baada ya pumzi ya kwanza nilijua kilichotokea. Fundi yeyote angejua.

Kuhusu mbele na nyuma, sikukumbuka. Ni kama kumwambia mtu aingie chumbani kwa kupitia mlangoni. Mikono yangu inaigeuza yenyewe, sijawahi kuisema kwa mdomo.

Utauliza mbona nilikaa kimya. Ulinikataza kupiga simu, na barua ingechelewa kusomwa. Lakini hata hivyo ukweli ni kwamba niliona nitairekebisha kabla hamjasikia. Nilijua mngesubiri mpaka atoke. Nikasema, kwa nini nimvunje moyo mtoto na mama yuko mlangoni kuingia hospitali, wakati mimi nina mitambo? Siku hizi kuna programu inayotenganisha sauti na sauti. Tangu siku hiyo, kila nikitoka kazini nakaa kwenye hilo. Nimekata, nimesafisha, nimepandisha.

Na nimefaulu, Profesa. Nakuambatishia. Umetoka kabisa, hata pumzi yako haipo. Amebaki mama yako peke yake. Sauti yake ina ukungu kidogo, lakini ni yeye. Msikilizishe, kisha uniambie kama bado una hasira.

Baba yako


Jumamosi, 1 Mei

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama ameruhusiwa kusema maneno machache kila asubuhi.

Bado nina hasira. Nitakueleza ni ipi, kwa sababu nadhani hujui.

Ya kusahau kuniambia kuhusu mbele na nyuma imekwisha. Mtu anaweza kusahau mlango. Mimi pia ningeweza kusikiliza kidogo kabla ya kukunja blanketi, na sikufanya hivyo.

Hasira yangu ni ya Jumapili. Asubuhi ile mama alifua. Akapika. Akakaa kwenye ngazi na mama mdogo wakicheka watu wanaopita. Koo lake lilikuwa limepumzika usiku kucha, na kabla ya chakula nilimsikia akiimba bafuni, baba, ule wimbo wa tatu, wote, na maikrofoni ilikuwa kwenye boksi lake chini ya kitanda. Wewe wakati huo ulikuwa unajua. Ulikuwa na faili masikioni. Neno "geuza" tu lingetosha. Ungempigia mama mdogo. Ungempigia mwalimu. Ungenipigia mimi ambaye nilikukataza, ningekasirika, kisha ningeigeuza. Usiniambie nilikukataza simu. Nilikukataza kunichekesha.

Hukutaka turekebishe sisi wenyewe. Ulitaka ubaki na kitu cha kutengeneza.

Sasa nikueleze kuhusu faili lako. Tulilisikiliza jikoni wiki iliyopita. Ni kweli, mimi simo. Mama yumo peke yake na sauti yake imekuwa kama ya mtu aliyefunikwa sufuria. Kila mahali nilipokuwa nimevuta pumzi pamekatika kidogo, na sauti yake nayo inakatika hapohapo, kwa sababu tulikuwa tunavuta pumzi pamoja. Sikuwa nimeligundua hilo kabla hujaniondoa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akachukua ubao, akaandika, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia, "Baba amenitoa ili usikike wewe."

Akaufuta ubao kwa kiganja. Nilidhani ataandika tena, lakini akaongea, na alikuwa hajaongea siku nzima. Sauti yake sasa ni nzito, ina mkwaruzo, inaanza kuchelewa kidogo halafu inafika yote kwa pamoja. Mara ya kwanza kuisikia niligeuka kutazama nani ameingia. Akasema, "Futa hilo. Niletee lile lenye makamasi."

Mama mdogo akasema, "Heri, maana lile lingine nilidhani shemeji ametuma mzimu." Mama akacheka, na cheko lake halijabadilika hata kidogo. Daktari hakutuambia kwamba cheko linabaki.

Nimelifuta la kwako. Lile la kwanza tunalisikiliza jioni, nami kila mara naona aibu mahali ninapokwenda chini badala ya juu. Mama ananigusa goti mahali hapo. Jana alinionyesha, kwa mkono, jinsi ya kwenda juu, na ule wimbo wake ananiandikia maneno kidogo kidogo.

Usitume ile kondensa ya ukumbini, wala usitume faili jingine. Asubuhi, kabla koo halijachoka, mama anasema maneno yake machache akiwa jikoni, na sisi tunakaa naye tunayasikia. Hatuyarekodi. Nafasi ya mtu mmoja zaidi ipo kwenye benchi, upande wa dirishani, na safari kutoka huko ni siku moja.

Binti yako